Hodi ya Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Kwako Shemeji Masikio,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na magoti nayo nimeyazoea kama wapangaji wakorofi. Nakuandikia kwa sababu simu ya jirani siitaki tena. Ukipiga, anakaa pale pale anakunja nguo zile zile mpaka nimalize kuongea.

Basi sikiliza. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili hapa kibandani, mmoja mrefu wa miwani, na mwenzake wa kike amevaa koti ambalo pindo lake lilishonwa na mtu mwenye haraka zake. Nikadhani wamekuja kupima nguo. Yule mrefu akanitazama, akaitazama cherehani, akanitazama tena, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mama, wewe ndiye maiti?"

Lo! Nimeshona magauni ya harusi ya mtaa huu mzima. Nimeshona sare za shule, nimetia viraka suruali za wanaume wasiotaka wake zao wajue zimechanikia wapi. Lakini mtu akitoka mbali kuja kunitafuta, anamtafuta maiti.

Ni ile filamu ya kaka yako, marehemu mume wangu, *Usimkaribishe*. Vijana wanatoka kwenye hifadhi ya filamu. Wanasema siku hizi inahesabiwa kuwa filamu kubwa ya kutisha, ya kihistoria, na waandishi wanaiandika magazetini. Wanataka kuisafisha na kuionyesha huko mji mkubwa, kwenye ukumbi wenye mazulia. Nikawaambia, filamu gani hiyo? Ile tuliyoitengeneza kwa pazia la chumbani na unga wa kupikia? Wakatikisa kichwa kama nimetukana msikiti na kanisa kwa pamoja.

Wewe uko mbali na huko hakuna anayekujua, kwa hiyo labda umesahau. Mimi nimeishi na hiyo hodi tangu nilipokuwa na kiuno. Mwanamke amekataliwa nyumba zote siku ya mvua, akafia kibarazani, halafu anarudi kubisha mlango mmoja mmoja. Anayemjibu "karibu" anakufa. Anayenyamaza mpaka hodi ya tatu anapona, maana baada ya hapo maiti anaondoka. Hadithi nzima ndiyo hiyo, na mtu mwingine angeimaliza akiwa anakunywa chai.

Lakini tangu siku ile ilipoonyeshwa kwenye banda la video hapa mtaani, mimi sina mlango wa kubisha. Nikisema hodi kwa mtu, ndani kunakuwa kimya, halafu kicheko. Watoto waliotoka bandani kwa kuruka madirishani wamekua, wamezaa, na watoto wao nao wanajua kunyamaza ingawa filamu yenyewe hawajaiona. Nikimpelekea mteja gauni lake ninatikisa funguo au ninakohoa. Msibani ninasimama nje mpaka atoke mtu kumwaga maji anione. Majuzi jirani wa nyuma kajifungua, nikaenda kumpa hongera, nikajisahau nikabisha hodi. Mama mkwe wake akatoka akaniomba nirudi siku nyingine. Alikuwa anacheka, lakini hakunipisha.

Kwa hiyo hao wasafishaji wakikufikia, maana wamesema watakutafuta, waambie hivi: kama ni kusafisha, waanze na hiyo hodi. Waing'oe! Waweke kengele, waweke mbwa anabweka, waweke chochote wanachotaka. Kaka yako alinitengenezea filamu, akaniachia jina la Bi Hodi, kisha yeye akaenda zake kupumzika. Mimi ndiye niliyebaki nalo hapa.

Wasalimie wote. Kikohozi chako kimekwisha?

Shemeji yako,
Fundi (siyo Maiti)


Alhamisi, 20 Februari

Kwako Shemeji Maiti, mpendwa wetu uliyetutoka ukarudi,

Nimeisoma barua yako hapa dukani nikacheka mpaka mteja akachukua redio yake akaondoka nayo bila kutengenezwa. Kikohozi kimekwisha, ahsante, kilichobaki ni uzee.

Wamekuja hao vijana wako. Walinikuta nimechutama nyuma ya televisheni ya mtu, nikajigonga kichwa kwa sababu hakuna aliyeniita "mhandisi wa sauti" tangu nizaliwe. Walikuwa na picha kwenye mashine yao ndogo, tukaiangalia yote tumebanana mezani.

Ni mbaya, Shemeji! Nilikuwa nimesahau ubaya wake. Yule muuza nyama tuliyempa nafasi ya tajiri anaitazama kamera kila anapotaka kusema neno, kama anaomba ruhusa. Damu ni ile rangi nyekundu ya mabango ya kaka, inaonekana kabisa imeganda kwenye kola. Wewe maiti umezikwa, umeoza, na umevaa saa ya mkononi. Upepo ni mimi natikisa bati, na mahali pamoja kivuli changu kinaonekana ukutani nikitikisa. Na pamoja na hayo yote, ulipotokea pale kibarazani, umesimama tu hufanyi kitu, mwili ulinisisimka. Sijui kaka alifanyaje. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandika "Hapa tunachaji betri" na "Usikojoe hapa".

Picha imezeeka vizuri. Mgonjwa ni sauti. Unakumbuka sauti tuliinasa kwenye utepe wa peke yake, na ule utepe nimekaa nao kabatini miaka yote. Sasa unapukutika unga wa kahawia. Fundi wao wa sauti, binti mmoja mwenye mikono mitulivu, ameniambia utaweza kupita kwenye mashine mara moja tu. Ukipita, unga unabaki kwenye mashine na utepe unakuwa plastiki tupu. La kuvunda halina ubani. Wameniomba nifuatane nao hadi karakana yao, nikae nao mpaka kazi iishe, kwa kuwa utepe ni wangu na mimi ndiye ninayejua nini kiko wapi. Naondoka kesho kutwa. Barua zitanisubiri hapa dukani.

Na nina zawadi yako. Siisemi. Umeteseka vya kutosha na jina lile, na mimi nilikuwepo siku ulipolipata, kwa hiyo wacha na mimi nikufanyie kitu kabla hatujawa maiti wa kweli.

Shemejio,
Masikio


Jumatano, 5 Machi

Kwako Shemeji,

Barua yako niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Eti nimevaa saa! Ile saa alininunulia yeye, na alinikataza kuivua.

Lakini tangu niisome sijatulia. Hilo neno la mara moja tu limenikaa kooni. Shemeji, nikuambie kitu, na usinicheke, na kama jirani yangu yupo huko karibu na wewe kwa miujiza yake, mfukuze.

Ile hodi si yangu. Wewe unajua, ulikuwepo. Siku ya kunasa sauti kila nikisema hodi nilicheka, nikirudia nacheka, mpaka ukavua hedifoni ukatoka nje kuvuta hewa. Ndipo kaka yako akaingia kwenye kabati la nguo, akajifunika blanketi, akaisema yeye. Mara tatu. Mtaa mzima unadhani unaikimbia sauti yangu, kumbe wanamkimbia yeye, na mimi sijawahi kumwambia mtu.

Picha zake ninazo. Kwenye picha zote kafumba mdomo. Nimeshaisahau sauti yake, Shemeji. Maneno yake ninayakumbuka, utani wake ninaukumbuka, lakini nikijaribu kumsikia ninasikia sauti yako wewe, maana ninyi mnafanana, halafu nakasirika na siku nzima inaharibika. Duniani kimebaki kitu kimoja cha kinywa chake, nacho ni hiyo hodi.

Ile kaseti ya filamu aliyoniachia, kabla deki haijaila, nilikuwa nasubiri nyumba iwe tupu. Nafunga pazia, naisogeza mpaka pale mlangoni. Anabisha, namjibu karibu, kwa sauti ndogo. Anabisha tena, namjibu tena. Ningekuwa na wazimu ungeshaambiwa. Mke anamkaribisha mumewe ndani, kuna ajabu gani?

Kwa hiyo nilipoandika waing'oe, zilikuwa ni hasira za magoti. Wewe unanijua mimi: kitu nikikilalamikia sana ujue nakipenda. Kaka yako nilimlalamikia tangu posa mpaka kaburini. Waambie wasiiguse. Yote mengine yakiharibika, yaharibike, muuza nyama abaki bubu hata itakuwa afadhali. Lakini kama utepe una safari moja tu, safari hiyo iwe ya hodi. Nakuomba, Shemeji. Wahi.

Zawadi gani hiyo? Kama ni kitambaa, usiniletee chenye maua makubwa, nitaonekana kochi.

Shemeji yako,
Fundi


Jumapili, 6 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimeikuta dukani niliporudi, wameiwekea pasi ya mtu juu yake isipeperuke. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nimeisoma.

Kazi imekwisha na wenyewe wamefurahi. Picha inang'aa. Bati langu limekuwa upepo kweli. Mazungumzo yanasikika yote, na ya muuza nyama pia, bahati mbaya.

Nilitaka kukuuliza. Ile kaseti iliyoliwa na deki, iliharibika yote? Hukubakiwa na kipande, hata kilichojikunja? Na yule mwenye banda la video hapo mtaani, hakuwa na nakala yake, au watoto wake? Ulizia tu, bila haraka. Lakini usichelewe.

Kuhusu onyesho, mimi nakuonea huruma na magoti yako. Ukumbi una ngazi nyingi, na viti vya mbele vinaumiza shingo. Filamu yenyewe umeshaiona. Ningekuwa wewe ningekaa nyumbani, nikasubiri watakaoniletea habari.

Zawadi achana nayo. Haikuwa kitu.

Usihofu.

Masikio


Jumanne, 15 Aprili

Masikio wewe,

Una nini? Barua nzima utani mmoja, na huo mmoja wa kinyonge. Na "bila haraka, lakini usichelewe" ndiyo lugha gani? Unaongea kama mtu aliyepoteza sindano kwenye godoro la mwenzake na hataki kusema.

Kaseti iliharibika yote. Utepe wake niliuvuta nikafungia mabua ya nyanya uani, jua na mvua vikaumaliza. Mwenye banda la video alihama zamani, banda sasa ni la kinyozi. Niliwauliza wanawe sokoni, wakaniambia baba yao alizifuta kanda zote akarekodia mpira. Na wewe unazitakia nini, wakati unayo yenyewe, na imesafishwa?

Ninakwenda. Vijana wameniletea tiketi ya basi, na nafasi yangu ni mstari wa mbele. Nimejishonea gauni la kijivu lenye kola, vifungo nimevifunika kwa kitambaa chenyewe, kazi ambayo mteja simfanyii hata akilia. Ngazi nitazipanda kwa makalio ikibidi.

Nimeamua jambo, na wewe uwe wa kwanza kulijua. Safari hii nitamjibu kwa sauti. Akibisha tu, nitasema karibu, wanisikie mpaka mlango wa nje. Miaka yote hii nimekuwa nikimkaribisha mume wangu kwa kunong'ona kama hawara. Watu wacheke wakitaka, wao walishacheka, mimi zamu yangu. Usiku nikilala najizoeza. Sijafurahi namna hii tangu alipokufa, na sioni aibu kukuandikia hivyo.

Wewe njoo ukae kulia kwangu. Kama unaumwa, sema. Kama kuna jambo jingine, sema pia. Ila usiniambie nisiende.

Shemeji yako,
Bi Hodi, kwa mara ya kwanza kwa hiari yangu


Jumanne, 22 Aprili

Shemeji,

Naomba barua hii ikukute kabla hujapanda basi. Isome ukiwa umekaa.

Sauti ya kaka haipo.

Nimeliweka hilo mbele kwa sababu nimeshachana barua nyingi zilizoanza na salamu.

Barua yako ya kwanza nilikwenda nayo karakana, ilikuwa mfukoni. Utepe ulipokaribia pale mlangoni, yule binti akausimamisha. Akasema kipande hicho ndicho kibovu kuliko vyote, kinanata, inabidi kipashwe moto taratibu kwa muda mrefu, na labda kitatoka. Au tuirekodi hodi upya, kwani ni neno moja tu. Akaniuliza mimi. Nikaitoa barua yako nikamsomea pale ulipoandika waing'oe, waweke mbwa anabweka. Tukacheka wote wawili. Nikamwambia, rekodini upya. Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yako, Shemeji. Nililala siku ile najiona nimekutua mzigo.

Kuna na la pili. Lijue na hilo ili ukinichukia unichukie kwa yote. Mimi hodi ya tatu siwezi kuisikia. Wewe ukiisikia unamsikia mumeo. Mimi siku ile nilikuwa na hedifoni masikioni, na baada ya hodi ya tatu kuna pumzi anaivuta, inakwaruza, ndipo nikazima. Ni kile kifua kilichomuua. Kilikuwa kimeshaanza. Nilikisikia kabla ya daktari yeyote, nikadhani ni vumbi la kabatini, na mimi ndiye ninayeitwa Masikio. Kwa hiyo binti aliponiuliza, sikukufikiria wewe peke yako.

Nilipoipata barua yako ya pili niligeuza siku hiyo hiyo nikarudi karakana. Tepe zote walikuwa wameshazitupa na maboksi yake, na kile kipande chetu kimo humo humo, bado kina unga wake. Binti alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye mapipa. Yalikuwa matupu, yameshazolewa. Alilia yeye. Mimi nilisimama tu nimeshika mfuniko.

Halafu nikarudi nikakuandikia habari za ngazi na shingo.

Hodi utakayoisikia ni ya binti huyo. Usiende, Shemeji. Kwa hisani yako, mpe mwingine tiketi. Mimi sitakuwepo, sina uso wa kukaa kulia kwako.

Masikio


Jumapili, 4 Mei

Shemeji,

Nimerudi. Barua yako niliikanyaga mlangoni wakati naingia, ndivyo nilivyojua ipo. Kwa hiyo nilikwenda bila kujua.

Ukumbi ni mzuri. Ngazi si nyingi, ulinidanganya na hapo. Waliniweka mbele, yule kijana wa miwani akasimama akasema huyu ndiye, watu wakapiga makofi na mtoto mmoja akajificha kwenye sketi ya mama yake. Kiti cha kulia nilikiwekea mkoba wangu. Kila aliyetaka kukaa nilimwambia kina mtu.

Walimcheka muuza nyama. Walicheka saa yangu. Nilipotokea kibarazani wakanyamaza wote, hata waliokuwa wakitafuna wakaacha. Nilikuwa mzuri, Shemeji. Kumbe kwenye lile pazia nilikuwa mzuri. Kamera haikutaka kuniacha, inanitazama mpaka nikaona haya mahali nilipokaa, nikajua ni macho ya nani yale. Nikasema moyoni, ngoja, sasa hivi atabisha.

Filamu ile naijua kama mshono wangu. Mguu kwenye kibaraza, upepo, taa inayumba, ndipo hodi. Sikungoja. Taa ilipoyumba nilivuta pumzi, nikasema "Karibu!" kwa sauti yangu yote, na hapo hapo hodi ikatoka, zikagongana mlangoni.

Ya binti. Laini, safi, kama ya mtu anayekuja kuuza sabuni. Na neno langu lilikuwa limeshatoka.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Makofi, vigelegele, wengine wakasimama. Walidhani ni sehemu ya onyesho, nimepangwa. Yule kijana akanishika bega akasema, mama, umetuua. Ya pili nikaitegea sikio, nikijiambia labda ile ya kwanza nimesikia vibaya. Ya tatu nikaitegea zaidi. Hakuna kitu. Imekatwa sawasawa, kama kwa mkasi mpya.

Unaniambia habari za pumzi. Unadhani mimi siijui? Aliyelala na kile kifua ni mimi. Kwenye kaseti yangu ile pumzi ndiyo niliyokuwa nikiisubiri kuliko neno lenyewe, maana hodi alikuwa anaigiza, lakini pumzi alikuwa anapumua.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningepata cha kufanya. Niliandika waing'oe, na wameing'oa, mwandiko ni wangu. Ulimi hauna mfupa, na kalamu nayo hivyo hivyo.

Ila kuna kitu kimenipata. Tangu nirudi, watu wa mtaa wanakuja kunibishia. Kweli! Wamesikia nimepigiwa makofi huko, sasa wanakuja kunipongeza, mpaka yule mama mkwe wa jirani. Wanasimama pale nje wanasema hodi, na mimi mdomo haufunguki. Neno nilikuwa nalo moja, nililiweka miaka mingi, nikampa mtu nisiyemjua. Nakaa na sindano mkononi mpaka waondoke. Wanabisha mara tatu, kisha wanaondoka, kama kaka yako alivyopanga.

Usije.

Fundi


Jumamosi, 17 Mei
Mlangoni kwako

Shemeji,

Sina meza, ninaandikia gotini. Ulinikataza, nimekuja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ulikuwa unashona. Nimeisikia cherehani tangu pale kwa kinyozi, na mkanda wake umelegea. Nikabisha. Cherehani ikasimama. Kiti kikasogea kidogo, halafu kimya.

Nikabisha ya pili, nikataja na jina langu. Jirani yako akatoka na nguo zake za kukunja, akanitazama, akanionea huruma, akarudi ndani. Nadhani amesimama nyuma ya mlango wake mpaka sasa.

Ya tatu nimeibisha kama yeye. Nisamehe. Umeniambia mwenyewe kwamba ukimtafuta yeye unanisikia mimi, nikasema labda sauti hii ina kazi. Nilijifunika koti usoni badala ya blanketi, nikaishusha mpaka kifuani, na mwisho nikaivuta ile pumzi, na mkwaruzo wake. Sikujua kama nitaiweza. Ilitoka, Shemeji. Ilitoka yeye kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikageuka nyuma kutazama.

Ukaja mpaka mlangoni. Nimeiona miguu yako kwenye huu uwazi wa chini, hapa hapa ninapopitishia karatasi. Umekaa hapo muda mrefu. Nimekusikia unavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, nikauinamia mlango nikasubiri.

Sasa miguu imeondoka. Cherehani inakwenda tena.

Ule mkanda mwite fundi aukaze, utakukatikia katikati ya kazi. Hodi zangu zimekwisha. Ninaondoka.

Masikio